Matope yakipotea ndani ya kisima cha petroli, nani anaambiwa?

Ku ngambo ya pili ya ziwa Albert, upande wa Uganda, mashine za kuchimba petroli ziko kazini tangu mwaka 2023. Januari ya mwaka ule, kampuni ya Kichina CNOOC ilianza kisima cha kwanza cha mradi wa Kingfisher, palepale kandokando ya ziwa. Kisha kampuni ya Kifaransa TotalEnergies ikaanza ku mradi wa Tilenga, ambao sehemu yake iko ndani ya mbuga ya Murchison Falls. Miradi hiyo miwili imepangiwa visima zaidi ya 400. Petroli yake itapita ndani ya tuyo ya kilometa 1,443 mpaka Chongoleani, karibu na Tanga, inchini Tanzania.

Upande wetu, ku Ituri, hakuna kisima kinachotoa petroli. Lakini maneno ya petroli hayajaisha. Mwezi wa 7 mwaka 2022, serkali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya petroli na 3 ya gesi. Mwezi wa 10 mwaka 2024, mnada wa petroli ukafutwa. Mwaka 2025 serkali ikatangaza maeneo mengine 52, ya bonde la katikati mwa inchi. Kwa hiyo mutu wa Tchomia, Kasenyi ao Mahagi ana sababu mbili za kufuata jambo hili: visima vya jirani viko tayari, na siku moja vyetu vinaweza kuja.

Watu wakiongea petroli, wanaongea pesa, kazi, barabara na vita. Ni haki yao. Lakini kuna hesabu moja ambayo wachimbaji wenyewe wanaangalia kila dakika, usiku na mchana, na ambayo raia haambiwi kamwe: matope kiasi gani yameingia ndani ya kisima, na kiasi gani yamerudi juu. Hesabu hiyo ikikosa kulingana, kisima kimeanza kusema kitu. Makala hii inaeleza kinasema nini, wataalamu wanafanya nini, na juu ya nini jambo hili linatuhusu siye tunaokula samaki wa ziwa.

Matope yanafanya kazi gani?

Kisima cha petroli hakichimbwi kikavu. Mashine inazungusha tuyo ndefu ya chuma yenye jino gumu ku mwisho. Ndani ya tuyo hiyo, pompi zinasukuma matope ya kuchimbia. Si matope ya barabarani. Ni maji, ao wakati mwingine mafuta, yaliyochanganywa na udongo laini wa bentonaiti, dawa mbalimbali, na unga mzito wa jiwe liitwalo baraiti. Matope yanashuka ndani ya tuyo, yanatoka ku jino, kisha yanapanda juu kupitia nafasi iliyobaki kati ya tuyo na ukuta wa shimo. Yakifika juu yanachujwa na kurudishwa tena chini.

Kazi yake ni tatu kubwa. Ya kwanza, kupoza jino. Ya pili, kubeba vipande vya mawe mpaka juu. Ya tatu ndiyo yenye kuokoa maisha: uzito wa matope unakandamiza maji, mafuta na gesi vilivyo ndani ya mawe, visitoke kwa nguvu. Mbele ya mifuniko yote ya chuma inayowekwa ku mdomo wa kisima, matope ndiyo kifuniko cha kwanza.

Tuchukue mfano wa kuelewesha tu, si hesabu ya kisima fulani. Kila mita 10 za maji zinaongeza mkandamizo wa kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Basi kisima cha mita 2,000 chenye maji matupu kinakandamiza kilo 200 ku sehemu ya chini. Tuseme gesi iliyo pale inasukuma kwa kilo 210. Maji hayatoshi, gesi itatoka. Mchimbaji anaongeza uzito mpaka lita moja ya matope ipime kilo 1.2. Sasa ana kilo 240, gesi imetulia.

Lakini jiwe nalo lina mwisho wa uvumilivu wake. Tuseme jiwe la pale linapasuka kwa kilo 250. Pompi zikianza kusukuma kwa nguvu, mwendo wa matope wenyewe unaongeza tuseme kilo 15. Sasa tuko 255. Jiwe linapasuka, na matope yanaanza kuingia ndani ya ufa. Mchimbaji anatembea hivyo kati ya kuta mbili: akipunguza uzito sana, gesi inapanda, akiongeza sana, matope yanatoroka. Mahali pengine nafasi kati ya kuta hizo ni nyembamba sana.

Yanapotelea wapi?

Mutu wa Goma anaelewa haraka. Mwaga ndoo ya maji juu ya mawe ya volkano, hutaona kijito. Maji yanashuka ndani ya nyufa, na ndiyo maana mvua kubwa inanyesha pale lakini mito haionekani mjini. Matope ya kisima nayo yanafuata njia za namna hiyo.

Njia zinazojulikana ni ine. Kuna mchanga na changarawe zisizoshikana, zenye nafasi nyingi kati ya punje. Kuna nyufa za asili ndani ya mawe. Kuna mapango ndani ya mawe ya chokaa. Na kuna nyufa ambazo mchimbaji mwenyewe amezifungua kwa kusukuma kupita kiasi. Tatu za kwanza ameumba Mungu, ya ine ni kazi ya mikono yetu.

Ziwa Albert liko ndani ya bonde la ufa. Mutu anayetoka Bunia, akapita Bogoro na kushuka kuelekea Kasenyi, anateremka ku ukuta wa ufa huo bila kufikiri. Chini ya ziwa kuna matabaka mazito ya mchanga na udongo yaliyokusanyika kwa mamilioni ya miaka, na nyufa zimeyakata. Hii haina maana kwamba kila kisima cha pale kitapoteza matope. Ina maana kwamba swali la kupotea kwa matope si la kuuliza kwa mchezo.

Wachimbaji wanapima upotevu kwa barili ku saa moja. Barili moja ni lita 159. Upotevu wa chini ya barili 10 ku saa, ni kusema kama mapipa 8 ya lita 200, wanauita mvujo. Kati ya barili 10 na 100 ni upotevu wa kiasi. Kupita 100, karibu mapipa 80 kila saa, ni upotevu mkubwa. Na kuna siku ambapo hakuna hata tone linalorudi juu: kisima kinameza kila kitu.

Hatari iko wapi?

Mutu anaweza kusema: matope yamepotea chini sana, yatatudhuru nini? Turudi ku mfano wetu. Matope yakishuka mita 300 ndani ya shimo, urefu wake unabaki mita 1,700. Mkandamizo unaanguka toka kilo 240 mpaka 204. Na gesi inasukuma kwa 210. Tayari gesi imeshinda. Inaingia, inapanda, inazidi kupanuka njiani, na ikikuta mdomo wa kisima haukufungwa vizuri, kunatokea mlipuko. Kwa hiyo kisima kinachomeza kinaweza, kisha muda mfupi, kugeuka kisima kinachotapika.

Hatari ya pili ni ya maji. Sehemu ya juu ya kisima inapita ndani ya matabaka yenye maji ambayo watu wanakunywa kupitia visima na chemchemi. Kama matope yanapotea pale, dawa zilizo ndani yake zinaingia ndani ya maji hayo. Ni maana yake inashauriwa sehemu ya juu ichimbwe kwa matope ya maji na udongo tu, bila mafuta, kisha ivalishwe tuyo ya chuma na simenti haraka.

Hatari ya tatu inachelewa. Kisima kikimalizika, simenti inasukumwa nyuma ya tuyo ya chuma ili kuziba njia zote. Mahali palipomeza matope panaweza kumeza simenti pia. Basi simenti haifiki juu inavyotakiwa, nafasi inabaki wazi, na gesi inaweza kupita pale miaka mingi kisha wachimbaji kwenda zao.

Kukinga ni mbele ya kutibu

Kinga ya kwanza ni kujua mawe mbele ya kuyatoboa. Wataalamu wanatumia picha za chini ya ardhi na habari za visima vya jirani ili kukadiria nguvu ya gesi na uvumilivu wa jiwe ku kila kina. Wakifika mahali fulani, wanaweka tuyo ya chuma, wanaishika kwa simenti, kisha wanajaribu jiwe lililo chini yake kwa kusukuma polepole mpaka lianze kuonyesha dalili ya kupasuka. Jaribio hilo ndilo linalowaambia mpaka wa kweli.

Kinga ya pili ni kuvalisha kisima kwa wakati. Tuyo ya chuma inafunika tabaka dhaifu, ili uzito utakaohitajika chini usilipasue. Tuyo moja inagharimu pesa na siku za kazi, na hapa ndipo kishawishi kinaingia: kuruka tuyo moja ili kumaliza mapema.

Kinga ya tatu ni mwenendo wa kila siku. Kutumia uzito wa matope unaotosha, si zaidi. Kusafisha shimo, juu vipande vya mawe vikijaa vinaongeza uzito. Kuteremsha tuyo polepole, maana tuyo inayoshushwa haraka inasukuma matope sawa vile pistoni. Kuwasha pompi taratibu kama matope yamelala na kuganda. Na kuchanganya mapema punje za kuziba ndani ya matope, ili nyufa ndogo zijifunge zenyewe mbele hazijakuwa kubwa.

Na matope yakianza kupotea?

Kazi ya kwanza ni kupima: yanapotea kiasi gani, na ku kina gani. Kazi ya pili, kama hali inaruhusu, ni kutuliza: kupunguza mwendo wa pompi, kupunguza uzito kidogo, kupandisha jino juu ya mahali pabaya na kungojea saa kadhaa. Nyufa zilizofunguliwa na msukumo, mara nyingine zinajifunga msukumo ukiisha.

Isipotosha, wanasukuma dawa ya kuziba. Ni matope mazito yaliyojaa vitu vya namna tatu: nyuzi, kama za miti ao pamba; magamba mepesi, kama ya maika; na punje ngumu, kama unga wa jiwe la chokaa ao maganda ya njugu yaliyosagwa. Punje zinakwama ku mdomo wa ufa, nyuzi zinasukana kati yake, magamba yanafunika. Ni sawa vile mama anavyoziba mtungi unaovuja: kitu kimoja hakitoshi, ukubwa mbalimbali ndiyo unaoziba. Punje zikiwa ndogo kupita ufa, zinapita na kupotea pamoja na matope.

Kwa upotevu mkubwa kuna dawa kali zaidi. Kuna udongo wa bentonaiti uliochanganywa na mazutu, ambao unabaki mwepesi mpaka ukutane na maji, kisha unavimba na kuganda. Kuna kifuniko cha simenti, ambacho kikikauka kinatobolewa upya. Wakati mwingine wanajaza kisima kwa maji toka juu, ili walau shimo lisibaki tupu na wahesabu lina meza kiasi gani. Na yote yakishindwa, wanavalisha tuyo nyingine, ao wanaziba kile kipande na kuchimba pembeni, ao wanafunga kisima kabisa.

Hakuna dawa moja ya yote. Na dawa iliyofanya kazi haifuti habari iliyokwisha kupatikana: kwamba jiwe la pale ni dhaifu.

Somo la Macondo

Mwaka 2010, ndani ya Ghuba ya Meksiko, inchini Marekani, kampuni ya Kiingereza BP ilikuwa inachimba kisima kiitwacho Macondo, chini ya bahari yenye kina cha mita 1,500 hivi, kwa kutumia mtambo Deepwater Horizon. Tarehe 9 mwezi wa 4, wakiwa ku kina cha mita 5,545, matope yakaanza kupotea. Walisukuma barili 172 za dawa ya kuziba, karibu lita 27,000. Ilifanya kazi. Lakini wahandisi wakaelewa kwamba nafasi kati ya kuta mbili tulizoeleza imebaki nyembamba sana. Wakaamua kusimama ku mita karibu 5,600, mbele ya kina walichopanga.

Kufikia hapo, mambo yalikwenda vizuri. Kisichokwenda vizuri ni maamuzi yaliyofuata. Kwa kuogopa kupasua jiwe tena, walichagua simenti nyepesi iliyochanganywa na nitrojeni, na wakaisukuma kidogo na polepole. Simenti hiyo haikushika. Tena, kulikuwa na dawa ya kuziba iliyobaki ku mtambo. Badala ya kuirudisha inchi kavu kama takataka, iliingizwa ndani ya kisima kama maji ya kutenganisha matope na maji ya bahari, zaidi ya barili 400. Wachunguzi wa serkali ya Marekani waliandika kwamba inawezekana mchanganyiko huo mzito uliziba tuyo ndogo iliyotumiwa kupima kama kisima kimetulia. Tuyo moja ilionyesha msukumo, nyingine ikaonyesha sifuri. Wakaamini sifuri.

Usiku wa tarehe 20 mwezi wa 4, kisima kililipuka. Watu 11 walikufa. Mafuta yalitoka baharini kwa siku 87, na serkali ya Marekani ilikadiria kwamba zaidi ya barili milioni 4 zilitoka ndani ya kisima.

Hatusemi kwamba upotevu wa matope peke yake uliua watu wale. Ulikuwa onyo la kwanza, na ulitibiwa. Kilichoua ni kuchukua ponya ya siku moja kama mwisho wa ugonjwa, halafu kukimbia kumaliza. Na hayo yote tunayajua juu ya sababu moja: inchi ile iliunda tume, ikadai madaftari ya kisima, ikayasoma, na ikaandika kila kitu mbele ya watu.

Sasa siye

Ziwa Albert si bahari. Mahali penye kina zaidi hapafiki mita 60. Upana wake ni kilometa 30 hivi, na mpaka wa inchi mbili unapita katikati ya maji, lakini samaki hawajui mpaka, na mafuta yanayoelea hayaonyeshi laisezi-pase. Ku Kingfisher, visima vinaanzia inchi kavu, kisha vinapinda na kwenda chini ya ziwa. Hiyo inapunguza hatari ya kumwaga vitu ndani ya maji, maana mdomo wa kisima uko nje ya ziwa. Haiondoi swali la kinachotokea chini. Na mto Semliki unaunganisha ziwa Edouard na ziwa Albert: kama siku moja kisima kingechimbwa ku Vitshumbi ao Kyavinyonge, mvuvi wa Tchomia angehusika pia.

Kongo na Uganda zina makubaliano ya Ngurdoto, yaliyotiwa sahihi kule Tanzania mwezi wa 9 mwaka 2007, kisha mapigano ya ziwani karibu na kisiwa cha Rukwanzi. Yanagusa mpaka, usalama na petroli. Hapa kwetu, sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inadai uchunguzi wa madhara na kuuliza maoni ya raia mbele ya mradi kuanza, na sheria ya hidrokaboni ya mwaka 2015 inasimamia kazi ya petroli yenyewe. Wakala wa mazingira wa Kongo, ACE, ndio wenye kazi ya kupima machunguzi hayo. Sheria iko. Lakini tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, Ituri na Nord-Kivu ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bunge za majimbo, ambazo zingeuliza maswali kwa jina la raia, zikasimamishwa. Ndiyo maana maswali yanabaki ku mikono ya sosiete sivile, komite za wavuvi, machifu na radio.

Basi maswali yenyewe ni haya, na hayahitaji diploma. Kisima hiki kitapita ndani ya maji ya kunywa ku mita ngapi, na tuyo ya kwanza ya chuma itafika wapi? Sehemu ya juu itachimbwa kwa matope gani, ya maji ao ya mafuta? Ndani ya visima vya jirani, matope yalipotea ku kina gani, na kiasi gani? Yakipotea hapa, ni nani nje ya kampuni ataona daftari siku ileile? Dawa ya kuziba inayobaki itapelekwa wapi? Simenti ilipimwa kwa njia gani, na nani aliweka sahihi? Kwa upande wa Uganda, swali moja linaongezeka: kukitokea ajali, ni simu gani italia Bunia, na kisha saa ngapi?

Kampuni yenye kazi safi haitapata shida kujibu, juu majibu hayo yote yako ndani ya madaftari yake ya kila siku. Mkutano wa maoni ya raia ukiitishwa, watu wengi watauliza juu ya kazi na pesa, na ni vizuri wafanye vile. Lakini walau mutu mmoja asimame aulize juu ya matope: yaliyoingia ni ngapi, yaliyorudi ni ngapi, na tofauti yake imekwenda wapi. Na jibu liandikwe ndani ya ripoti ya mkutano, mbele ya sahihi.